Anayefikika Ndiye Anayelipa



Jumatatu ya tarehe 24 Juni 2024 maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, hayakufunguliwa. Wenye maduka waligoma, na siku zilizofuata mgomo ukaenea mpaka Mwanza, Mbeya, Arusha na miji mingine. Jumanne yake, jijini Nairobi, vijana waliokuwa wakipinga Muswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge. Risasi zikapigwa, watu wakapoteza maisha. Jumatano Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini muswada ule. Siku tatu, nchi mbili jirani, na chanzo ni kimoja: kodi.

Baada ya siku zile ilivuma kauli kwamba watu wetu hawapendi kulipa kodi. Kauli hiyo naikataa. Mama anayeuza nyanya sokoni hutoa ushuru wa soko asubuhi, kabla hajauza hata fungu moja. Mkulima hulipa ushuru wa mazao getini akiwa bado na deni la mbolea. Kijana anayenunua vocha, umeme wa elfu mbili au lita moja ya mafuta ya pikipiki analipa kodi, ajue au asijue. Watu wetu wanalipa, na wanalipa kila siku. Waliofunga maduka Kariakoo hawakudai kusamehewa kodi. Walilalamikia makadirio wasiyoyaelewa, ushuru wa forodha usiotabirika, vikosi vya ukaguzi vilivyokuwa vikisimamisha mizigo njiani, na wateja wao kutoka Kongo, Zambia na Malawi waliokuwa wakisumbuliwa mpaka wengine wakaanza kutafuta soko kwingine. Mwaka mmoja nyuma, Mei 2023, walikwishagoma kwa madai yanayofanana na hayo, pamoja na suala la kusajili stoo, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Yaliyorudi Juni 2024 ni yale yaliyokuwa hayajamalizika.

Miezi michache baadaye, Oktoba 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Rais ya kuangalia na kushauri maboresho ya masuala ya kodi, chini ya uenyekiti wa Balozi Ombeni Sefue, Katibu Mkuu Kiongozi mstaafu. Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya kazi ya namna hiyo: nchi inapoamua kuukagua mfumo wake mzima wa kodi, iangalie nini kwanza?

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Naamini kasoro kubwa ya mfumo wetu haiko kwenye viwango. Iko kwenye tabia ambayo imejengeka polepole, serikali baada ya serikali, kila moja kwa nia njema: tunamtoza anayefikika kwa urahisi, na mwenye uwezo lakini mgumu kufikika tunamwacha apite.

Tabia hiyo ina historia ndefu. Wajerumani walipoanzisha kodi ya kibanda mwaka 1898 hawakuwa na daftari la mapato ya mtu yeyote. Walichokiona ni paa, wakatoza paa. Miaka saba baadaye, vita vya Majimaji vilipolipuka, kodi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha watu, pamoja na kulazimishwa kulima pamba. Waingereza wakaendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa. Sisi wenyewe, baada ya Uhuru, tuliifuta kodi ya kichwa mwaka 1969, kisha ikarudi katikati ya miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo. Wasikilizaji wangu wenye umri wa miaka hamsini na kuendelea wanaikumbuka vizuri. Wanakumbuka mgambo wa alfajiri, vizuizi njiani, stakabadhi iliyokunjwa na kuhifadhiwa kama cheti cha ndoa, na wanaume wazima wakilala shambani ili wasikutwe nyumbani. Kodi ile haikutazama mfuko wa mtu. Ilitazama kama ana kichwa. Ilipofutwa mwaka 2003, Basil Mramba akiwa Waziri wa Fedha, vijijini watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Tume ya Balozi Sefue nayo ina mtangulizi. Wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi kulikuwa na tume iliyoongozwa na Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu na aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha, ikachunguza mapato, kodi na matumizi ya serikali. Taarifa yake ilitoka mwaka 1991, na sura ya kodi tunayoijua leo ilijengwa katika miaka iliyofuata. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996, ikichukua shughuli zilizokuwa chini ya idara za Wizara ya Fedha. Tarehe 1 Julai 1998 ikaja Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kwa kiwango cha asilimia 20, ikichukua nafasi ya kodi ya mauzo. Mwaka 2009 kiwango kikashuka hadi asilimia 18.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tume hazina faida. Vyombo vilijengwa, na vimefanya kazi. Katika mwaka wa fedha wa 2024/25 TRA ilikusanya zaidi ya shilingi trilioni 32. Mtu anaweza kuniuliza, basi tatizo liko wapi, kama makusanyo yanapanda? Mimi namjibu kwamba kiasi kilichokusanywa kinatueleza nguvu ya mkusanyaji. Hakitwambii fedha hizo zimetoka kwa nani, na baada ya kuzitoa yeye amebakiwa na nini. Hilo ndilo swali la tume.

Tuchukue kodi ya majengo. Nitakaa hapa kidogo, maana inamgusa karibu kila anayenisikiliza mjini.

Zamani halmashauri ndizo zilizokusanya kodi hii, na nyumba zilizofanyiwa tathmini zilitozwa kwa thamani yake. Kazi ilikuwa ngumu, wathamini wachache, madaftari hayajakamilika. Mwaka 2016 ikaanza kupelekwa TRA. Baadaye kikaja kiwango cha mkupuo, yaani kila nyumba ya kawaida kiasi kilekile. Kisha mwaka 2021 likapatikana jawabu lililoonekana kuwa la ajabu kwa wepesi wake: LUKU. Ukinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa hapohapo. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa hadi 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka. Hakuna foleni wala wakala wa kugonga mlango. Mashine inakata, ujumbe unaingia, mchezo umekwisha.

Kwa mkusanyaji, hiyo ni raha tupu. Sasa tuiangalie kutoka upande wa anayekatwa. Nyumba ya vyumba sita Mbagala, kila chumba familia moja, mita moja, wapangaji wanachangishana umeme. Kodi ya jengo inakatwa kwenye mchango wa mama lishe, wa kinyozi, wa mlinzi wa usiku. Mwenye nyumba huenda anaishi mkoa mwingine na hajui hata kama kodi imekatwa. Wakati huohuo, nyumba ya chini yenye bustani na bwawa la kuogelea, kwenye mtaa ambako kiwanja kimoja kinauzwa mamia ya mamilioni, nayo ni nyumba ya kawaida. Inalipa 18,000 ileile. Tumetoka kwenye kodi ya mali, tukafika kwenye kodi ya mita.

Naomba msikilizaji usinielewe vibaya. Kukusanya kwa LUKU kama njia sina ugomvi nako. Ugomvi wangu ni kwamba njia imemeza lengo. Kodi ya majengo ni kodi ambayo, ikiendeshwa vizuri, ingemfikia mwenye mali hasa, kwa sababu jengo halihamishiki na halifichiki. Ingekuwa kodi ya haki kuliko nyingi tulizonazo, tena ingebaki karibu na mtaa unaotaka taa na mifereji. Sisi tumeichukua kodi ya mwenye nyumba, tukaigawa sawasawa kama kodi ya kichwa, kisha tukampa mpangaji ailipe.

Mwaka huohuo wa 2021, tarehe 15 Julai, zikaanza tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Lengo lilitajwa wazi: vituo vya afya, madarasa, barabara za vijijini. Nani atapinga kituo cha afya? Na vilijengwa. Lakini mtoto wa mjini anayemtumia mama yake kijijini elfu thelathini za matibabu hajapata kipato chochote kwa kutuma. Amegawana umaskini wake. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Septemba ile tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata zikapunguzwa tena. Tena wengi walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: walirudi kutuma fedha kwa dereva wa basi na kwa jamaa anayesafiri. Tulikuwa tumetumia zaidi ya miaka kumi kuwafundisha wananchi kuweka fedha zao kwenye simu, tukawatisha kwa wiki chache.

Mafuta nayo ni vilevile. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na ushuru wa bidhaa kwenye petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Wenye magari mabovu yaliyoegeshwa uani, yakikusanya madeni ya leseni, walipumua. Lilikuwa jambo la busara. Halafu mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita, na mwaka 2023 nyingine 100. Kila nyongeza ilikuwa na sababu yake. Ila mafuta hayalipiwi na mwenye gari peke yake. Yanalipiwa na gunia la mahindi linalotoka Mpanda, na nauli ya mwanafunzi.

Simu, mita, pampu ya mafuta, mshahara. Hivyo ndivyo vituo vinne ambavyo hakuna anayeweza kuvikwepa, na ndipo mkono wa serikali unapokwenda kila Juni, bajeti inaposomwa Dodoma na fedha zikawa hazitoshi. Mwajiriwa anayepata zaidi ya shilingi 270,000 kwa mwezi anaanza kukatwa kabla hajaushika mshahara wake, asilimia 8 mwanzoni, na inapanda mpaka 30 kwa kila kinachozidi milioni moja. Hawezi kuchelewesha wala kujadiliana. Mwenye nyumba kumi za kupangisha watu wa kuishi anapokea kodi ya pango mkononi, miezi sita kwa mkupuo, bila karatasi. Hawa wawili wanaweza kuwa na kipato sawa kabisa.

Sasa twende dukani, ambako ndiko moto ulikowaka.

Sheria yetu inamruhusu mfanyabiashara mdogo, mtu binafsi mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, alipe kodi ya mapato kwa kutazama mauzo yake. Mauzo yakiwa chini ya milioni 4 halipi. Juu ya hapo kuna viwango vidogo, na tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, kuanzia milioni 11 hadi 100 kiwango ni asilimia 3.5 ya mauzo. Wazo ni jema. Mwenye duka hana mhasibu, na kumdai hesabu kamili ni kumfungia.

Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Mama mmoja anauza unga, sukari na mafuta ya kula kwa jumla. Mauzo yake kwa mwaka ni milioni 60. Biashara hiyo ina faida nyembamba. Akishatoa gharama ya mzigo, pango, umeme na posho ya kijana anayemsaidia, tuseme anabaki na senti tano katika kila shilingi. Faida yake ni milioni 3. Kodi ya asilimia 3.5 ya mauzo ni milioni 2 na laki moja. Anabakiwa na laki tisa, yaani 75,000 kwa mwezi, kwa mwaka mzima wa kuamka saa kumi alfajiri. Jirani yake ana saluni ya kike. Naye mauzo yake ni milioni 60, ila katika biashara yake sehemu kubwa ya fedha inayoingia inabaki. Tuseme senti arobaini katika kila shilingi. Faida yake ni milioni 24. Kodi yake ni ileile milioni 2 na laki moja. Mmoja ametoa asilimia 70 ya faida yake, mwingine hajafika hata 9.

Sheria inampa yule mama nafasi ya kuomba atozwe kwa faida. Ila hapo inabidi alete hesabu zilizoandaliwa na mhasibu anayetambulika, na mhasibu analipwa. Kwa hiyo njia aliyo nayo, ile anayoiona mbele ya macho yake, ni kutotoa risiti ya kila anachouza. Wengi tumemhukumu kwa hilo. Tangu mashine za risiti za EFD zianze mwaka 2010 tumekuwa tukihubiri: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Ni mahubiri sahihi. Lakini risiti inasoma mauzo, haisomi faida. Kwa yule mama, kila risiti anayoitoa inakula karibu robo tatu ya riziki iliyomo ndani yake. Huwezi kulitibu hilo kwa kikosi cha kumvizia mteja wake kwenye kona ya Mtaa wa Msimbazi. Linatibiwa kwa sheria inayotambua kwamba duka la unga na saluni si biashara ya aina moja. Kutenga viwango kwa aina ya biashara, faida nyembamba upande wake na faida nene upande wake, hakuhitaji mhasibu wala mashine mpya. TRA ina namba ya kila mlipakodi na aina ya biashara yake imeandikwa humo.

Na kwa nini mnunuzi adai risiti, ikiwa kwake ni karatasi tu? Rwanda wameamua kumpa sababu. Tangu mwaka 2024 mnunuzi wa mwisho anayedai risiti ya mashine hurudishiwa sehemu ya kumi ya VAT aliyolipa. Hapo mnunuzi amekuwa mkaguzi kwa hiari yake, na wala hahitaji kuvaa kizibao.

Kuna jambo jingine ambalo silisikii likizungumzwa vya kutosha, labda kwa kuwa limejificha katika vifungu. Ni habari ya mtu anayepinga makadirio.

Tuseme afisa amekuja, ameangalia duka lako na stoo yako, amekokotoa, akakuandikia milioni 30. Wewe kwa hesabu zako unaona unadaiwa milioni 6. Una haki ya kupinga. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inasema pingamizi lako halitapokelewa mpaka uwe umelipa kiasi ambacho hubishanii, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Theluthi ya milioni 30 ni milioni 10. Kwa hiyo, ili usikilizwe kwamba unadaiwa 6, utoe kwanza 10. Unaweza kumwomba Kamishna Mkuu akupunguzie au akusamehe sharti hilo, kwa sababu za msingi, na yeye ndiye mkuu wa afisa aliyekukadiria.

Naelewa sheria hiyo iliwekwa kwa nini. Bila sharti lolote, kila mkwepaji angepinga ili apate muda. Kampuni kubwa yenye wanasheria inaweza kuishi nayo. Mwenye duka hawezi, kwani milioni 10 kwake ndiyo mtaji wenyewe. Anachofanya ni kutafuta maelewano. Maelewano hayo hufanyika bila karatasi, na hapo ndipo rushwa inapozaliwa: makadirio makubwa yanatangulia, mlango wa kupinga una bei, kisha mtu anakuja na sauti ya upole kusema tunaweza kulimaliza. Maafisa wengi ni waadilifu, na baadhi yao ni rafiki zangu. Mfumo unaomweka mtu mwadilifu na mtu mlafi kwenye kiti kimoja, wenye nguvu ileile na bila shahidi, unamtegemea Mungu mno. Ningekuwa na nafasi ya kuliomba Bunge jambo moja tu katika mabadiliko yote haya, ningeomba sharti la theluthi liondolewe kwa wafanyabiashara wadogo, na aliyekadiria apewe wajibu wa kuonyesha kwa maandishi namna alivyofikia tarakimu yake.

Kwenye halmashauri na taasisi za udhibiti sitakaa sana, kwa kuwa mambo yanajulikana. Leseni, ushuru wa huduma, zimamoto, usalama mahali pa kazi, viwango, vipimo. Kila mmoja anakuja kwa siku yake na kitabu chake. Mwaka 2018 serikali ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, MKUMBI, wenye lengo la kuziunganisha na kuzipunguza tozo hizo. Baadhi zimefutwa. Na upo ushahidi kwamba tukiamua tunaweza: mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa getini. Mkulima mwenye gunia tano juu ya pikipiki ya miguu mitatu aliacha kuwa mhalifu kwa sentensi moja ya sheria.

Upande wa pili wa mizani ni misamaha. Sheria ya VAT ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, ilikuja kwa ahadi ya kupunguza misamaha iliyokuwa imeota kila mahali. Tangu hapo, karibu kila Sheria ya Fedha imerudisha mingine. Mingine ina maana kabisa: dawa, pembejeo, vifaa vya hospitali. Mingine inatolewa kwa mwekezaji kwa hoja kwamba ataleta ajira, na baada ya miaka hakuna anayerudi kuhesabu hizo ajira. Msamaha wa kodi ni fedha ya umma iliyotumika bila kupita kwenye bajeti. Ukitaka kujenga darasa, wabunge watakuuliza maswali mpaka la bei ya bati. Msamaha wenye thamani ya madarasa mia hauulizwi swali lolote mwaka wa pili. Ningependa kila msamaha uwe na tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani ya sheria yenyewe, ili anayeutaka uendelee ndiye aje kujieleza.

Nimesema watu wetu wanalipa. Nchi yetu hata hivyo inakusanya kodi ya karibu asilimia 13 tu ya pato la taifa, na ni kidogo kwa nchi inayotaka kusomesha watoto bila ada, kujenga reli, na kuacha kukopa kila inapokwama. Kwa hiyo sitetei kodi ndogo. Natetea kodi inayompata mtu aliye nayo. Anayedhani kwamba haki na makusanyo ni mambo yanayopingana aangalie Nairobi Juni ile: muswada uliopendekeza, pamoja na mengine, VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa mwaka kwenye thamani ya gari, haukuleta hata shilingi moja. Vipengele hivyo viwili vilikuwa vimeshaondolewa kabla ya maandamano makubwa, lakini imani ilikuwa imeondoka navyo. Vijana wale walikuwa wanausoma muswada kifungu kwa kifungu kwenye simu zao na kuufasiri kwa lugha za nyumbani. Ni wasomaji wa sheria ambao serikali nyingi za Afrika hazijawahi kuwa nao. Ndiyo maana natamani kila taarifa ya tume ya kodi ichapishwe kwa Kiswahili, yote, pamoja na mapendekezo ambayo serikali itayakataa na sababu za kuyakataa. Kodi ni mali ya anayelipa kabla haijawa ya anayekusanya.

Muda wangu unaisha. Nina neno moja kwa wapangaji, kwa kuwa hili haliwezi kusubiri mpaka bajeti ijayo.

Kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba. Sheria haikumhamishia mpangaji deni hilo. Ilibadilisha mahali pa kukatia. Ukinunua umeme, soma ujumbe wote, usiishie kwenye namba za kuingiza kwenye mita. Utaona VAT, utaona asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA; hizo ni zako. Ile 1,500 inayokatwa mara moja kwa mwezi ni ya mwenye nyumba. Usifute ujumbe huo. Andika kwenye daftari, mwezi hadi mwezi, na siku ya kulipa pango jipya mkae naye kwa heshima, mpige hesabu, 18,000 kwa mwaka, iondolewe kwenye pango. Kama mko wapangaji kadhaa kwenye mita moja, chagueni mmoja atunze ujumbe. Na mkiandika mkataba upya, ongezeni mstari mmoja wa kusema nani anabeba kodi ya jengo, kisha wote wawili mtie saini mbele ya mjumbe wa shina.